Funguo Nilizochelewa Kuzirudisha Soni

Shemeji alininyooshea mkono kudai funguo zake, nami nikajifanya natafuta simu.

Tulikuwa Soni, katikati ya mlima wa kwenda Lushoto, tumeegesha kando ya barabara. Maporomoko yanasikika kwa chini, mama mmoja ametuletea plamsi kwenye ndoo ndogo ya plastiki. Makubaliano tuliyafanya Mombo mbele ya chipsi kuku: tubadilishane magari mpaka Soni, kisha kila mtu arudi kwenye lake. Yeye akapanda mlima na Forester yangu. Mimi nikapanda na kijigari chake cha njano, Suzuki Swift Sport, ambacho tangu alipokitoa bandarini nilikuwa nakiita Kibiriti.

"Shemeji, funguo."

"Si tufike nalo tu Lushoto? Pamebaki padogo."

Akacheka. Hakusema kitu, alicheka tu, kile kicheko cha mtu ambaye amekisubiri kitu miezi mitatu na leo kimefika chenyewe mlangoni.

Nilizirudisha. Lakini nilichelewa kuzirudisha, na kule kuchelewa ndiko kunakonisumbua, wiki ya sita sasa.

Mtu wa Subaru

Kwa msomaji mgeni hapa: mimi ni mtu wa Subaru. Forester XT, ile ya umbo la SG5, injini ya lita 2 yenye turbo (feni ya kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi 220. Nimekaa nayo miaka 7. Nilipokuwa shule ya msingi dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza ya bluu, na nadhani mambo yangu yote na magari yalianzia kwenye ile picha ya gazeti, gari limefunikwa tope mpaka vioo.

Na mngurumo. Silinda zimelala ubavu mbilimbili, na mabomba yanayopeleka moshi kwenye turbo hayalingani urefu, ndiyo maana Subaru za zamani zinatoa ile sauti ya kugugumia. Mtaani kwetu watoto wanajua nimerudi kabla sijapiga honi. Mke wangu haipendi hiyo sauti hata kidogo. Mimi nilikuwa nikisema gari lisilo na sauti ile ni friji lenye magurudumu.

Sasa mtu wa namna hiyo anafanyaje Soni, ameficha funguo za Suzuki mfukoni?

Kilomita 55

Barabara ya Mombo kwenda Soni mnaijua. Nyembamba, mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, Coaster inakuja katikati ya barabara kama vile ilipewa hati miliki. Nimeipanda na Forester mara nyingi, na kila mara nimeipanda kwa kazi. Unashika breki, unakata kona, gari linalala ubavu kidogo maana liko juu na lina springi laini. Unakanyaga mafuta. Otomatiki ya gia nne inafikiri. Injini ikiwa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika hakuna cha maana, halafu turbo inapiga, gari linachomoka kwa kishindo, na papo hapo kona inayofuata imeshafika, unashika breki tena. Nguvu zote zile unazionja kwa sekunde mbili, kisha unazirudisha.

Ukitaka kuifaidi Forester yangu, ipeleke Chalinze kwenda Segera alfajiri, lori limejaa pamba mbele yako, upande wa pili kweupe. Hapo utaniambia. Kwenye kona za Usambara ni kama kucheza rede na gunia mgongoni.

Kibiriti kina gia 6 za mkono. Sikuwa nimekanyaga klachi miaka mingi, nikakizima mara mbili pale stendi ya Mombo mbele ya bodaboda wote wa kijiweni. Nikaondoka na aibu yangu. Kona ya tatu au ya nne nikaanza kuelewa. Injini ni lita 1.4 tu, lakini nguvu yake ya kuvuta, nyutoni mita 230, inafika yote kwenye mizunguko 2,500. Yaani pale ambapo Forester bado inapiga miayo, hiki kimeshaondoka. Nikageuza usukani kidogo, pua ikaingia bila kubishana. Nikaachia mafuta katikati ya kona, nikahisi matako ya gari yanajipanga nyuma yangu. Gia ya pili, ya tatu, ya pili, ya tatu. Mkono unafanya kazi, mguu unafanya kazi, macho yanatafuta mwisho wa kona.

Sehemu fulani kabla ya Soni nikatupa jicho kwenye dashibodi kuona nimekimbia kiasi gani, maana moyo ulikuwa unadunda kama nimeiba.

Kilomita 55 kwa saa.

Nilitarajia 90. Nikatazama tena.

Hesabu zisizosema kitu

Niliporudi Dar nilifanya anachofanya kila mbishi wa magari: nikatafuta namba za kunitetea. Nilitaka kuthibitisha kwamba kilichonifurahisha ni ugeni tu, kama mtu anavyosifia pilau la jirani.

Nikachukua uzito wa gari nikaugawa kwa nguvu za farasi, kujua kila farasi mmoja anabeba kilo ngapi. Forester yangu ina karibu kilo 1,400 kwa farasi 220: kilo 6.4. Swift Sport ya gia za mkono ina kilo 970 kwa farasi 140: kilo 6.9. Nikaongeza na Golf GTI ya kizazi cha sita, ambayo rafiki yangu wa Mbezi anayo, kilo 1,400 hivi kwa farasi 211: kilo 6.6.

Magari matatu tofauti kabisa, na kwenye karatasi yanatofautiana nusu kilo.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala vizuri. Kama namba zingesema Kibiriti ni kepesi mara mbili, ningekubali yaishe. Kama zingesema Forester inakiacha mbali, ningemtumia shemeji picha ya hesabu nikalale. Lakini zote zinasema ni walewale, na mwili wangu uliokaa kwenye viti vyote vitatu unasema si walewale hata kidogo.

Nilichokuja kukiona ni kwamba mgawanyo huu unakwambia gari litachanganya vipi kwenye mstari ulionyooka. Haukwambii nini kinatokea unaposhika breki, maana breki hazijali una farasi wangapi, zenyewe zinasimamisha kilo. Tairi kwenye kona nazo hivyo hivyo. Kilo 430 za tofauti ni sawa na kupakia watu wazima sita kwenye Forester, halafu uambiwe haya sasa, kata kona.

Shemeji, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akanikumbusha kwamba Subaru wenyewe walishalijua hilo. Mwaka 1993 walipeleka Safari Rally kile kigari chao kidogo, Vivio, injini ya cc 660, hewa inasukumwa na pampu inayozungushwa kwa mkanda wa injini badala ya turbo. McRae huyuhuyu wangu aliendesha mojawapo, hakumaliza. Mkenya Patrick Njiru alimaliza, wa 12 kwa jumla, katikati ya magari yenye nguvu mara kadhaa ya lake.

Sikumjibu. Nililijua hilo, nilikuwa nimeamua kulisahau.

Hewa ya juu

Kuna jambo moja ambalo sisi wote wawili tunakubaliana, nalo ndilo linalonifanya nisirudi kwenye gari lisilo na turbo hata kama ni tamu namna gani.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na Altezza ya RS200, ile yenye farasi 210 bila turbo. Dar ilikuwa gari kweli. Ukiizungusha mpaka juu inaimba. Tukaipeleka Iringa kwenye harusi, na huko ikawa kama imekula ugali wa mchana ikalala. Kaka alifungua boneti mara tatu akitafuta ubovu, akabadilisha plagi, akamlaumu aliyemuuzia mafuta.

Ubovu haukuwepo. Iringa iko juu ya mita 1,500, na kwa kimo hicho msukumo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Dar. Injini inayovuta hewa yenyewe inapata pungufu, basi nayo inatoa pungufu. Zile farasi 210 zinashuka hadi 175 hivi. Turbo hali hiyo haiishtui sana: moshi unazungusha feni upande huu, feni inakandamiza hewa upande ule, na hewa ikiwa nyepesi, feni inazunguka zaidi kufidia, mpaka ifike kikomo chake.

Ndiyo maana ukiishi Arusha, Mbeya, Iringa au Nairobi, injini ndogo yenye turbo ni mali kuliko inavyosomeka kwenye karatasi. Namba za karatasi zimeandikwa usawa wa bahari. Na zimeandikwa Japani: fungua kifuniko cha tangi la gari lolote la namna hii, utakuta kijibandiko cha Kijapani kinachotaka haioku, petroli yao ya daraja la juu. Sisi tunajaza iliyopo. Kompyuta ya injini ikisikia mafuta yanagonga, yaani yanajilipukia yenyewe ndani ya injini, inachelewesha cheche, unapoteza farasi kadhaa bila kujua. Kwa hiyo tunaobishana vijiweni kuhusu farasi 220 na 230 mara nyingi tunabishania farasi walioachwa Yokohama.

Lile la kwanza

Nisijifanye mtaalamu. Gari langu la kwanza lenye turbo silitaji chapa, kwa sababu aliyelitengeneza hakuwa na kosa. Nililinunua kwa mtu, si kwa kuagiza, na mtu huyo alikuwa anabadilisha oili akikumbuka.

Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usijile ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili ikichoka, au ukitoka kukimbia ukazima gari papo hapo turbo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda kama ukoko wa wali. Ukoko ukiziba mrija, kwaheri. Mimi nilijifunza hayo Kitonga, na moshi wa bluu ulionifuata mlima mzima mpaka dereva wa basi nyuma yangu akaniwashia taa kunihurumia. Miezi minne nikapanda daladala.

Fundi wangu wa Tabata ana neno analowaambia wote wanaomfuata na ndoto za turbo: "Bosi, usiniulize inakimbia kiasi gani, niulize mwenye nayo alikuwa nani." Tangu siku ile nikienda kuangalia gari, nachomoa kijiti cha oili kabla sijawasha injini. Muuzaji akinuna, naondoka.

Golf ya Mbezi

Katika kuhangaika kwangu nikaenda kuazima ile GTI, Jumapili asubuhi, kutoka Mbezi mpaka Bagamoyo na kurudi.

Nasema ukweli: kati ya yote matatu, ndilo gari lililokamilika. Gia zake zinabadilika kabla hujamaliza kuwaza. Kiti kinakushika kiuno. Barabara mbovu inaimeza, kona inaikata imenyooka, na ndani kumetulia kiasi kwamba unaweza kuongea na mama mkwe bila kupaza sauti. Ningekuwa nachagua kwa akili ningemaliza hapo hapo.

Lakini nilipofika Bagamoyo sikukumbuka kona hata moja. Gari lilifanya kila kitu, mimi nikawa abiria mwenye usukani. Kule Bunju nilikuwa kwenye 95 nikadhani ni 60, na mbele yangu kijana wa trafiki ameshika tochi ya kupima mwendo. Faini elfu 30, na stahiki yangu kabisa.

Pale kwenye foleni ya kulipa ndipo nilipolipata neno nililokuwa nalitafuta wiki zote. Gari linaloficha mwendo ni zuri kwa safari. Kwa raha ni hasara, maana raha yake inaanzia pale tochi inapoanzia. Barabara zetu nyingi ni kijiji, kibao cha 50, kipande cha wazi, kijiji tena. Gari linaloanza kuchangamka kwenye 110 linakupa raha dakika chache kwa mwezi, na kila dakika kuna mtoto na baiskeli anayeweza kutokea. Kibiriti kilikuwa kimenipa yote kwenye 55.

Nikajiona nimeshamaliza mjadala. Nikaanza kuangalia matangazo usiku mke wangu akilala.

Watu wanne na viroba viwili

Halafu tukaenda Lushoto tena, safari hii kwa ubatizo, na Forester ilikuwa kwa fundi inabadilishwa bushi. Tukaenda wote na Kibiriti: mimi, shemeji, dada yangu, na mama. Kurudi tukaongezewa viroba viwili vya viazi na karoti, kama kawaida ya Lushoto, hutoki mikono mitupu.

Sitasahau uso wa mama kwenye kiti cha nyuma. Hakulalamika. Aliuliza tu, kwa upole ule wa kina mama, "Mwanangu, hili gari limemaliza kutengenezwa?"

Shokapu zilizonipa raha ya kona zilikuwa zinampelekea mama kila jiwe la barabara. Tairi ni upana 195, ukuta asilimia 45, rimu ya inchi 17, hakuna mpira wa kutosha kuficha shimo. Matuta tuliyavuka kwa kuyakata mshazari, na bado tumbo la gari liligusa mara mbili. Na ule wepesi? Weka kilo 300 za watu na viroba, kila farasi sasa anabeba kilo 9. Forester ukiipakia vivyo hivyo inafika 7.7. Mlima uleule, kona zilezile, na mimi nikawa nabadilisha gia kama kondakta anayetafuta chenji.

Niligundua kwamba siku ile ya Soni nililinganisha magari nikiwa peke yangu. Na mimi siko peke yangu kwenye gari ila mara chache sana kwa mwaka.

Basi nikayafuta matangazo. Nikayarudisha baada ya siku mbili.

Uchakavu

Mtu ataniuliza, kwa nini usiwe nayo yote mawili? Swali zuri, lijibiwe na kikokotoo cha TRA, wale wa mamlaka ya mapato.

Hapa Tanzania gari likitimiza miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 15, likivuka 10 ni asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya 18. Kwa hiyo Forester kama yangu, ambayo Japani wanakaribia kuitupa, ukiileta leo inalipiwa kama mgonjwa. Ndiyo maana nimewakataza vijana watatu waliokuja kuniuliza kuhusu kuagiza SG5. Nunueni iliyopo nchini, mkamjue mwenye nayo.

Swift Sport hii umbo lake lilianza 2017, kwa hiyo bado unapata iliyo chini ya miaka 8, unaukwepa uchakavu. Injini ya kati ya cc 1000 na 2000 inaangukia ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, si 10 kama Mazdaspeed Axela ya cc 2300 ambayo rafiki mmoja ananisukumia kila siku. (Farasi 264 kwenye magurudumu ya mbele peke yake. Ukikanyaga, usukani unataka kwenda kwake na wewe unataka kwenda kwako.) Lakini bei ya Swift kule Japani bado iko juu, kwa hiyo unachookoa TRA umeshakitoa mnadani. Nimeziandika hesabu hizi nyuma ya bahasha ya LUKU mara nne. Kila mara zinatoka karibu sawa, kama zile kilo kwa farasi.

Glanza V niliifikiria pia, ile Starlet yenye turbo, farasi 135 kwa kilo mia tisa na ushee. Ndiye babu wa Kibiriti kwa kila hali. Ila iliisha kutengenezwa 1999, na niliyoiona Kinondoni ilikuwa na rangi tatu, nyeusi ya mlango wa dereva ikiwa imepakwa kwa brashi. Nilichomoa kijiti cha oili. Nikakirudisha taratibu, nikamshukuru mwenyewe.

Jana usiku

Shemeji alipiga simu saa tatu.

"Shemeji, shikamoo."

Yeye huniamkia hivyo akiwa na shida, maana tumepishana miaka miwili tu.

"Marahaba. Sema."

"Tumepata msiba kijijini, Kilindi ndani huko. Mvua imekata barabara, na nina wazee watatu wa kuwachukua. Hili langu halifiki hata robo. Nilikuwa naomba..."

Nilimpa pole kwanza, tukaongea habari za marehemu, nani anatoka wapi, mazishi lini. Siku nne, alisema. Labda tano.

Nikamwambia Forester aje kuichukua alfajiri, tangi limejaa, na akimaliza kukimbia asiizime papo hapo, aiache iungurume dakika moja ipoe. Akasema anajua. Akashukuru sana.

"Na lako unaliacha wapi?" nikauliza.

Kimya kidogo. Nikamsikia dada yangu kwa mbali akimuuliza anacheka nini na watu wamefiwa.

"Funguo nitaziweka juu ya friji, shemeji," akasema. "Ila ukilizima pale getini kwako, mimi simo."